Mbwa Mwenye Kifafa na Ngozi Iwashayo

Mbwa aangukapo kwa mara ya kwanza uwanjani mwa kambi, akanyoosha shingo, akapiga miguu hewani na kutokwa na povu mdomoni, neno la kwanza lisikikalo ni kichaa. Watoto huingizwa ndani kwa haraka, mtu mmoja hukimbilia rungu, na mahali ambapo bunduki haiko mbali hakosekani mwenye kushauri kwamba itumiwe. Hofu hiyo si ya kudharauliwa, kwa maana kichaa cha mbwa kingaliko katika nchi za Afrika ya Mashariki na ya Kati, na mtu aliyekwisha kuonyesha dalili zake ni kama hana tumaini la kupona. Lakini kifafa nacho humpata mbwa kama kimpatavyo binadamu, na mbwa mwenye kifafa, akitunzwa, aweza kulinda mlango wa mwenyewe kwa miaka mingi.

Yuko pia mbwa aliyepewa mzigo wa pili juu ya huo wa kwanza. Huyu, mbali na kuanguka, hujikuna usiku kucha, hulamba nyayo zake mpaka manyoya yakabadilika rangi, na masikio yake hunuka. Mwili wake hukataa kitu ambacho mbwa wengine hukivumilia, na hali hiyo ndiyo iitwayo mzio. Kila moja ya maradhi hayo mawili lina dawa zake zinazojulikana. Matata huanza pale ambapo dawa ya moja huliamsha lingine, na mwenye mbwa, kwa nia njema kabisa, akamtia mnyama wake hatarini kwa kumtibu upele.

KICHAA AU KIFAFA

Tofauti ya kichaa na kifafa haionekani vizuri katika lile anguko lenyewe, bali huonekana baada yake. Mbwa wa kifafa hupoteza fahamu, hukakamaa kama ubao, kisha hutukutika mwili mzima, na mara nyingi hujikojolea. Kwa kawaida hayo yote hukoma kabla ya dakika mbili au tatu kupita. Akiinuka huwa kama mlevi: hugonga ukuta, huzungukazunguka, hudai chakula kwa pupa, na pengine kwa kitambo haoni. Baada ya dakika kadhaa au saa kadhaa huwa tena mbwa yule yule aliyezoeleka, na huenda wiki nyingi zikapita kabla hajaanguka tena. Mbwa wa kichaa harudi katika hali yake. Tabia yake hugeuka siku hata siku, sauti yake hubadilika, taya hulegea, mate hutiririka kwa kuwa hawezi kumeza, miguu hupooza, na kwa kawaida hufa kabla ya siku 10 kutimia tangu dalili zilipoanza. Hiyo ndiyo sababu mbwa aliyemwuma mtu, ikiwa aonekana mzima, hufungiwa na kuangaliwa kwa muda wa siku 10 badala ya kuuawa papo hapo.

Hata hivyo, mbwa asiyechanjwa aangukaye kwa mara ya kwanza hana budi kushukiwa. Mate yake yasiguswe, afungiwe mahali pasipofikiwa na watoto, na daktari wa mifugo aitwe. Mtu aliyeumwa, au ambaye mate ya mbwa huyo yamemwingia katika jeraha, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo apate chanjo, bila kungoja kuona mwisho wa mbwa. Ni dhahiri basi kwamba kadi ya chanjo, yenye tarehe na sahihi ya mwenye kuchanja, ni ngao ya mbwa mwenyewe. Siku ya anguko la kwanza, kadi hiyo ndiyo itakayowafanya majirani washushe marungu.

Kichaa kikiisha kuondolewa katika mashaka, yabaki mambo mengine ya kuulizwa. Je, mbwa amekula sumu ya panya, au amelamba dawa ya kunyunyizia mimea? Je, ametafuna chokoleti, au ubani wa kutafuna usio na sukari, ambao mara nyingine hutiwa ksilitoli, kitu kishushacho sukari ya damu ya mbwa hata akaanguka? Mtoto wa mbwa mwenye njaa na minyoo aweza kuanguka kwa upungufu wa sukari. Jike anyonyeshaye watoto wengi aweza kukakamaa katika wiki za kwanza baada ya kuzaa kwa sababu chokaa imemwishia mwilini, na huyo asipopewa sindano upesi hufa. Ugonjwa wa distempa, ambao una chanjo yake, huacha mitukutiko hata baada ya homa kupoa. Naye mbwa aliyeumwa na nyuki wengi, akavimba uso na kulegea, hana kifafa. Ni mzio mkali wa ghafula, na huyo apelekwe mbio.

Mambo hayo yote yakichunguzwa yasionekane, na mbwa akiwa alianza kuanguka akiwa na umri wa kati ya miezi 6 na miaka 6, madaktari husema ni kifafa cha asili. Katika mbegu kadhaa ugonjwa huu hurithiwa. Mbwa wa Kibelgiji, wale wapendwao sana na majeshi na polisi wa nchi nyingi, ni mojawapo ya jamii ambazo urithi huo umechunguzwa kwa muda mrefu, nao mbwa wa Kijerumani hawakusalimika. Kwa hiyo mbwa aangukaye asizalishwe, hata kama ni hodari kuliko wote katika banda. Na jambo lingine lafaa lisemwe waziwazi, kwa kuwa hata juu ya wanadamu wenye ugonjwa huu bado kuna watu wanaoamini vinginevyo: kifafa hakiambukizi, wala povu lake halimpi mtu kifafa.

SAA YA KUANGUKA

Wakati mbwa anapotukutika, kazi ya kwanza ya mwenyewe ni kutazama saa. Pili ni kuondoa viti, mawe na kila kitu cha kumwumiza, na kumsogeza mbali na ngazi au mtaro. Mkono usitiwe kamwe mdomoni mwake. Mbwa hamezi ulimi wake, bali hufunga taya bila kujua, na vidole vya mtu vikiwa ndani hukatika. Asinyweshwe maji, wala maziwa, ijapokuwa maziwa yamepata sifa ya kuwa dawa ya kila sumu. Kinywaji kimwagwacho kinywani mwa mnyama asiye na fahamu huingia mapafuni. Watu waondoke, redio izimwe, taa ipunguzwe.

Anguko likipita dakika 5, au mbwa akianguka tena kabla fahamu hazijamrudia, hapana tena la kungoja: hiyo ni hatari ya kifo, kwa maana mwili hupata joto kali mno na ubongo huharibika. Alowanishwe tumbo na nyayo kwa maji yasiyo ya barafu huku anapelekwa kwa daktari. Mbwa aliyeanguka mara mbili au zaidi katika saa 24 apelekwe vivyo hivyo, hata kama baina ya maanguko anaonekana mzima. Kwa mbwa wa namna hii daktari huweza kumpa mwenyewe dawa ya diazepamu ya kupenyezwa kwa njia ya haja kubwa, na kumfundisha kiasi chake kabla ya siku ya kuihitaji.

Siku hizi kuna simu zenye kupiga picha za sinema, na hapo kifaa hicho hufaa kuliko maneno mia. Daktari aonyeshwaye picha ya dakika moja hutambua mara kama ni kifafa, au moyo uliozimia, au maumivu ya shingo tu.

DAWA ISIYOKATIZWA

Si kila mbwa aliyeanguka mara moja hupewa dawa. Madaktari wengi huanza pale ambapo maanguko yamekuwa mawili au zaidi katika muda wa miezi 6, au yamekuja mfululizo, au moja limepita dakika 5. Dawa kongwe, ambayo hata leo hutangulia nyingine, ni fenobabitali, ile ile ambayo binadamu wenye kifafa wameitumia tangu mwaka 1912. Ni rahisi kwa bei na hupatikana kwa tembe ndogo ndogo. Kiasi cha kuanzia huwa miligramu 2 hadi 3 kwa kila kilo ya uzito wa mbwa, kila baada ya saa 12. Mbwa wa kilo 30 basi atapata kama miligramu 60 hadi 90 asubuhi, na nyingine kama hizo jioni. Mwenye kukadiria ni daktari, lakini mwenye mbwa afahamu hesabu hiyo, kwani uzito ukiandikwa vibaya kila kitu kingine huharibika. Mizani ya kupimia magunia katika ghala yatosha kabisa: mtu apime nafsi yake akiwa amembeba mbwa, kisha apime nafsi yake peke yake, atoe.

Saa za dawa zipangwe pamoja na saa za nyumba. Saa 1 asubuhi kabla ya gwaride na saa 1 jioni baada ya kazi ni nyakati zisizosahaulika upesi. Katika wiki za mwanzo mbwa huyumba na kulala sana, naye hunywa maji mengi, hukojoa mara nyingi na kuwa mlafi. Usingizi hupungua, lakini ulafi mara nyingi hubaki. Baada ya kama wiki mbili dawa huwa imetulia mwilini, na hapo damu hupimwa kuona imefikia kiasi gani. Kisha ini lipimwe kila miezi 6, kwa kuwa dawa hiyo hulichosha. Mahali ambapo maabara ya mifugo haiko karibu, damu yaweza kupelekwa mji mkuu. Pale Kampala, kwa mfano, kipo chuo cha tiba ya wanyama cha Makerere.

Kosa kubwa kuliko yote katika matibabu haya ni kuacha dawa ghafula. Mwenye mbwa huona miezi minne imepita bila anguko, akasema mbwa amepona, akaweka chupa juu ya kabati. Ubongo uliozoea kutulizwa, ukinyimwa kitulizo kwa siku chache, hulipuka kwa maanguko mabaya kuliko yale ya kwanza, na wako mbwa wafao katika hayo. Dawa hupunguzwa kwa miezi, kwa amri ya daktari, au haipunguzwi kabisa.

Katika nyumba ambamo yumo pia mtoto au mzee mwenye kifafa, tembe za mtu na tembe za mbwa zisikae chupa moja, hata kama zimefanana kama mapacha. Si kwa sababu ya unajisi. Ni kwamba mtu atapungukiwa kabla ya siku ya kwenda kliniki, na upungufu huo utaonekana kwa mtoto. Chupa zote mbili zifungiwe, kwa maana tembe chache tu humtia mtoto mdogo katika usingizi wa hatari.

MWASHO NA CHANZO CHAKE

Ngozi iwashayo huwa na chanzo kimoja kati ya vitatu, au vyote pamoja. Cha kwanza na cha kawaida ni kiroboto. Mbwa mwenye mzio wa mate ya kiroboto hahitaji viroboto mia. Wachache tu humfanya ajitafune mgongo karibu na mkia mpaka pakawa kidonda. Cha pili ni chakula. Cha tatu ni vumbi, utitiri wa magodoro, chavua ya majani na vitu vingine vya hewani, ambavyo humwashia mbwa nyayo, makwapa, tumbo na masikio, na mara nyingi huanza kati ya umri wa miezi 6 na miaka 3. Mbali na hivyo uko upele hasa, uletwao na wadudu wachimbao ngozi, ambao waambukiza na waweza kumwasha hata mtu. Daktari hukwangua ngozi na kutazama kwa darubini kabla ya kusema neno.

Kiroboto hapigwi vita juu ya mbwa peke yake. Jike mmoja huweza kutaga mayai kama 40 kwa siku, na mayai hayo hayakai juu ya manyoya; huanguka katika matandiko, nyufa za sakafu na mchanga wa bandani. Magunia alaliayo mbwa yachemshwe kila wiki na kuanikwa juani, sakafu ifagiwe na kuoshwa, na mbwa wote wa nyumba, pamoja na paka, watibiwe siku moja. Katika nyumba za kambini zilizopangana ukuta kwa ukuta, kazi hii yafaa ifanywe na mstari mzima, la sivyo viroboto hufanya uhamisho tu kutoka mlango namba 6 kwenda namba 7.

Mzio wa chakula haugunduliwi kwa kupima damu bali kwa subira. Mbwa hupewa kwa muda wa wiki 8 nyama ya namna moja ambayo hajapata kuila, pamoja na wanga wa namna moja. Aliyekulia ugali na mabaki ya ng'ombe kutoka jikoni kwa askari aweza kupewa samaki na viazi vitamu, au mbuzi na mihogo iliyopikwa vema. Ng'ombe, maziwa, kuku na ngano ndivyo vinavyotajwa zaidi miongoni mwa vyakula viwashavyo mbwa. Katika wiki hizo 8 mfupa mmoja utupwao na jirani mwenye huruma huharibu kazi yote, na kambini majirani wenye huruma ni wengi.

PALE MARADHI MAWILI YANAPOKUTANA

Sasa na atazamwe mbwa mwenye yote mawili. Mwenyewe aona anajikuna, akaenda katika duka la pembejeo na kununua dawa ya josho la ng'ombe, kwa kuwa ni rahisi na huua kupe wote. Dawa nyingi za josho ni sumu za mishipa ya fahamu. Zile za jamii ya oganofosfeti humfanya mbwa atokwe na mate, atapike, atetemeke, mboni za macho zikawa kama tundu la sindano, na hatimaye aanguke. Amitrazi nayo humpumbaza na kupunguza mapigo ya moyo wake, na mbwa ambaye tayari anatumia fenobabitali huzidi kulemewa. Mafuta machafu ya injini, ambayo bado hupakwa mbwa wenye upele kana kwamba mbwa ni bawaba ya mlango, hulambwa na kuingia tumboni na sumu yake yote.

Dawa za kisasa nazo zataka macho. Tangu miaka ya 2010 zimeingia madukani tembe za kutafuna ziuazo viroboto na kupe kwa mwezi mmoja au zaidi. Dawa iliyomo, ikisomwa katika kibandiko, jina lake huishia na herufi laner: afoxolaner, fluralaner, sarolaner, lotilaner. Kwa mbwa walio wengi ni dawa nzuri sana. Lakini mnamo mwaka 2018 mamlaka ya Marekani isimamiayo chakula na dawa ilitoa tahadhari kwamba jamii hiyo imehusishwa na kutetemeka, kuyumba na kifafa katika baadhi ya wanyama, hata wasiopata kuanguka kabla. Kwa mbwa ajulikanaye kuwa na kifafa, yafaa daktari atafute kwanza njia nyingine, kama vile matone ya fipronil yatiwayo juu ya shingo, pamoja na ile kazi ya kuchemsha magunia. Ivamektini ya ng'ombe isichomwe kwa kukadiria kwa macho. Tone lililo dogo kwa fahali ni kubwa mno kwa mbwa, na mbwa wa jamii ya koli mara nyingi hurithi upungufu uiruhusuyo dawa hiyo kuingia ubongoni.

Vidonge vya mafua vya binadamu hupewa mbwa kwa wazo kwamba hutuliza mwasho. Vingine vimechanganywa na pseudoefedrini, kitu kifunguacho pua ya mtu, ambacho humtia mbwa wasiwasi, moyo kwenda mbio na mitukutiko. Hata zile dawa za mzio zisizo na mchanganyiko zitolewe kwa kipimo cha daktari tu.

Kuna sindano na tembe za jamii ya predinisoloni, ambazo hukomesha mwasho kwa siku moja na kwa hiyo hupendwa mno. Haziamshi kifafa kwa kawaida, lakini fenobabitali hulifanya ini lizitoe mwilini upesi, hivyo kiasi kilichomtosha mbwa mwingine huyu hakimtoshi. Tena zote mbili huongeza njaa, kiu na mkojo, na zote mbili hubadilisha vipimo vya ini, hata daktari asiyeambiwa habari za dawa ya pili akatafuta ugonjwa usiokuwapo. Mbwa huyo hunenepa, na mbwa aliyenenepa amekwisha kubadilisha kile kipimo cha miligramu kwa kilo.

Kukutana kusikotazamiwa kabisa ni kule kwa chakula. Wako mbwa ambao huongezewa, au hupewa badala ya fenobabitali, dawa iitwayo bromidi ya potasi. Dawa hii ni jamaa wa chumvi, na mwili huzichanganya. Chumvi ikizidi katika chakula, figo hutoa bromidi nyingi pamoja nayo, dawa ikapungua katika damu, na maanguko yakarudi. Basi mwenye mbwa abadilishaye chakula ili kutafuta chanzo cha mwasho, akatoka katika ugali na nyama na kuingia katika samaki waliokaushwa kwa chumvi, atamwona mbwa anaanguka na kudhani ni samaki waliomdhuru. Samaki huyo awe mbichi, na chumvi ya chakula ibaki ile ile siku zote. Badiliko lolote la chakula kwa mbwa atumiaye bromidi liarifiwe kwa daktari kabla ya kufanywa.

Na iko kasoro nyingine ndogo ambayo huwaponyoka hata watu waangalifu. Tembe ya kifafa ni chungu, na desturi ni kuificha ndani ya kipande cha nyama ya ng'ombe. Mbwa aliye katika zile wiki 8 za kujaribiwa chakula, akipewa kipande hicho asubuhi na jioni, hajaribiwi chochote. Tembe ifichwe ndani ya chakula kile kile cha jaribio, au itiwe nyuma ya ulimi kwa mkono na taya zishikwe mpaka ameze.

Yanayobaki kwa ngozi ni kazi ya mikono isiyogombana na dawa yoyote: kumwosha mara moja kwa wiki kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya dawa yenye klorheksidini, kuiacha povu kwa dakika 10, kumsuuza mpaka maji yatoke safi, na kumkausha katikati ya vidole na ndani ya masikio. Si kazi ya kupendeza siku ya Jumamosi, lakini kadiri ngozi inavyotulizwa kwa maji ndivyo zihitajikavyo dawa chache.

UHAMISHO

Askari hakai mahali pamoja. Huhamishwa kwa barua ya siku tatu, na wengine hupelekwa kulinda amani nchi za mbali kwa mwaka mzima, kama walivyopelekwa askari wa Uganda na Burundi Somalia kuanzia mwaka 2007. Mbwa hubaki na mke, na wazee, au na jirani, na hapo ndipo dozi hukatika.

Kwa sababu hiyo habari za mbwa zisikae kichwani mwa mtu mmoja. Ziandikwe katika daftari la shule. Ukurasa wa kwanza uwe na uzito wa mbwa na tarehe aliyopimwa, tarehe ya chanjo ya kichaa, jina na kiasi cha kila dawa, na, kwa wino mwekundu, majina ya dawa asizopaswa kupewa. Kurasa zifuatazo ziwe za siku: saa ya anguko, limechukua dakika ngapi, alikula nini jana yake, aliogeshwa kwa nini, alipewa dawa gani ya viroboto na lini. Baada ya miezi michache kurasa hizo husema jambo ambalo mtu asingelikumbuka, kwa mfano kwamba maanguko matatu kati ya manne yalikuja katika wiki iliyofuata dawa ya kupe. Daktari mgeni katika kituo kipya akikabidhiwa daftari hilo huanzia mahali mwenzake alipoishia.

Tembe za mwezi mmoja wa ziada ziwemo katika mzigo wa kuhama, katika mfuko wa mkononi na si ndani ya sanduku lililopakiwa chini ya vitanda katika lori, pamoja na barua ya daktari, kwa kuwa fenobabitali ni dawa yenye kudhibitiwa na duka la mji mgeni halitaiuza kwa maneno matupu. Njiani mbwa asiachwe ndani ya gari lililofungwa juani, wala asirukishwe dozi kwa sababu hajala.

Nakala ya ule ukurasa wa kwanza ibandikwe upande wa ndani wa mlango wa kabati, kwa herufi kubwa, pamoja na namba ya simu ya daktari na maneno haya mawili: DAKIKA TANO. Mtu atakayekuwapo nyumbani mbwa aangukapo saa 8 za usiku huenda akawa mtoto wa miaka 12.